Kiti ya Baba

Tulipotoka kuzika baba, bandugu yake balikaa mu lupango, kiwanja ya nyumba yetu kule Katuba, na karatasi imekwisha kuandikwa: baba mudogo ndiye atasimamia mali yote, na nyumba ndani yake. Mama atie tu kidole.

Banaume balikuwa bamekaa ku biti, siye banamuke chini ku mikeka. Hasira ikanikausha machozi. Nikaingia mu nyumba, nikatosha inje kiti ya baba, nikaikalia pale katikati yao.

Baba mudogo akanigombeza: "Toka! Kiti ile ni ya marehemu."

"Ndiyo, baba. Na nyumba iko ya nani?"

Nikavuta karatasi na biki, kalamu yao, nikakata jina yake, nikaandika ya mama, nikasinye sahihi yangu. Mama akatia kidole. Kisha nikamunyooshea baba mudogo biki, naye asinye.