Muuguzi wa Kompyuta Zilizomwagikiwa Chai

Mvua ya asubuhi inapiga mabati ya vibanda vya mji wa Kericho. Ndani ya duka lake, Drusilla Mongina anainamia kompyuta ndogo aliyoifungua tumbo, anainusa.

"Maziwa," anasema. "Na sukari nyingi."

Mwenye kompyuta, mwalimu Chepkemboi, anacheka kwa aibu. "Kikombe kiliteleza tu, mama. Na maksi za watoto zote ziko hapo ndani."

"Uliizima mara moja? Basi usijali. Rudi kesho."

Katika nchi hii ya majani chai, anasema fundi huyu mwenye umri wa miaka 47, nusu ya kazi yake huletwa na vikombe.

Drusilla alikulia kwenye nyumba za wafanyakazi wa shamba moja la chai karibu na Kimulot. Baba yake, mzee Sagini, alikuja kutoka Kisii akiwa kijana, akawa fundi wa boila kiwandani. Kwao kulikuwa na televisheni, na majirani walijaa sebuleni kila jioni.

Mwaka 1988 mhasibu wa shamba, Gibson Ouko, alihamishiwa Nairobi. Akamwachia Sagini kitu kilichofanana na taipureta isiyo na karatasi. Ilikuwa kompyuta ya nyumbani, ya kuunganishwa na televisheni. Programu zake zilikaa kwenye kaseti, na zikisomwa zilipiga kelele kama nyigu waliofungiwa kwenye debe.

"Baba aliipenda kwa sababu aliambiwa inafundisha hesabu," anakumbuka Drusilla. "Na kwake, hesabu ilikuwa njia ya kunifikisha hospitalini. Alikuwa ameshaamua nitakuwa nesi. Hata wageni aliwaambia, 'Huyu ndiye nesi wetu.'"

Msichana huyo wa miaka kumi na moja alinakili maagizo kutoka kwenye kitabu kilichokuja nayo, mstari kwa mstari, bila kuelewa Kiingereza chote. Jioni moja jina SAGINI likaanza kupita kwenye skrini, likirudi na kupita tena. Majirani walipiga makofi. Baba yake alitaka taarifa ya habari.

"Hii kitu ni ya mchezo," alisema.

Alama za sayansi ziliposhuka, mzee alichukua hatua. Drusilla alirudi kutoka shuleni akakuta kompyuta haipo. Nyuma ya nyumba alikuwa amefungwa ndama jike. Sagini alikuwa amebadilishana na mtu wa Kipkelion.

"Nililia wiki nzima. Lakini yule ng'ombe ndiye aliyenisomesha sekondari, maziwa yake yakalipa karo. Sasa baba kama huyo utamkasirikia vipi?"

Alisomea uuguzi, akafanya kazi miaka sita katika zahanati ya shamba. Aliipenda kiasi, anasema, hasa watoto. Kisha zahanati ikaletewa kompyuta ya rekodi za wagonjwa, nayo ikaharibika. Drusilla aliifungua kwa bisibisi aliyoazima kwa dereva na koleo ndogo za kushonea vidonda. Ilipowaka, alijua hatakaa pale.

Aliacha kazi, akafungua duka hili. Baba yake akaacha kula nyumbani kwake.

Karibu miaka miwili baadaye, Sagini alisukuma mlango wa duka akiwa amelowa, akaketi kwenye benchi la wateja bila salamu. Alimtazama binti yake akisafisha vyuma kwa brashi na spiriti.

"Unavaa glavu?" aliuliza mwishowe.

"Ndiyo, baba."

"Hata hospitali wanavaa." Akavua koti. "Haya, niletee chai. Nitaishikilia mbali na hizo vitu zako."

Leo duka hili ndilo linalolisha nyumba na kusomesha watoto wawili. Kifungua mimba, Elmina, ana miaka kumi na tisa. Mama yake alikuwa ameshamchagulia chuo cha kompyuta. Mwezi uliopita msichana akasema hataki. Anataka kuendesha lori la kubeba majani chai.

"Nilimwambia, 'Hiyo si kazi ya mtu aliyesoma.' Akaenda kuosha vyombo. Nikajisikia vibaya. Nilikuwa nimeongea kama baba kabisa, hata sauti."

Alimpigia simu mzee Sagini, akitumaini ataungwa mkono. Mzee, ambaye sasa ana miaka themanini, alicheka mpaka akakohoa.

"Mwache, Mongina. Mimi nilikushika kwa mikono yote miwili na bado ulienda."

Elmina ataanza na gari dogo, na umri ukifika atasomea malori. Jumatatu Drusilla atafunga duka ampeleke shule ya udereva. Baadaye wataenda kiwandani, ambako dereva mmoja, Chepkosgei, amekubali kuwapandisha kwenye lori lake.

"Sijawahi kukaa juu kule," anasema Drusilla. "Nataka kuona barabara inavyoonekana, ili akinieleza nielewe."