Marashi ya Kila Siku kwa Mwenye Eda

Chekeni, chekeni tu, lakini aibu hii mpaka leo ikinijia niko peke yangu jikoni nafunika uso kwa kanga, na mwenye kosa ni mie, hakuna mwingine wa kumsingizia, ingawa nilitafuta.

Enzi hizo Mwingereza bado yupo, na mie nimeshaposwa. Mchumba wangu, karani wa shamba la mkonge kule Kibaha (karani, sikilizeni vizuri, si mkata mkonge), aliniletea kichupa cha marashi kutoka Dar es Salaam. Hayakuwa udi wala marashi ya waridi ya bibi zetu, haya yalikuwa mepesi, ya furaha, ukiyafungua utadhani mtu kapasua embe dodo kando ya asumini. Akaniambia, "Haya si ya arusi. Haya ni ya kila siku." Basi mie na akili zangu nyingi nikaona siku ya kwenda kumtazama mwenye eda nayo ni siku.

Shangazi yangu Mwanahawa alikuwa amefiwa na mumewe huko Kibuta, anamaliza mwezi wa pili wa eda nyumbani kwa mama mkwe wake, Bi Zuhura. Mwenye eda hagusi manukato miezi minne na siku kumi, hata mtoto anajua. Nami nilijua, ila nilijiambia sijampaka yeye, nimejipaka mie. Nikajipaka shingoni, kichupa nikakifunga kwenye pindo la kanga, maana kutoka Msimbu mpaka Kibuta kwa miguu ni jasho tupu, na mchumba wa karani atafikaje ananuka kikwapa?

Nilimkuta peke yake, Bi Zuhura yuko shambani. Akanikumbatia, tukalia, tukalia kweli, na katika kubanana huko kizibo kikachomoka, nusu chupa ikamwagikia kaniki yake na mkeka.

"Mwanangu," akasema polepole, "umenimwagia nini?"

Nikamwambia si kitu, kitakauka. Nikarudisha kizibo, nikachukua ndoo, nikakimbilia kisimani kujisugua mwili na kanga kwa majani ya mlimau mpaka nikabaki sinuki chochote (hodari wa kujiokoa mwenyewe).

Niliporudi uani kumejaa watu, Bi Zuhura kasimama mlangoni mwa chumba.

"Kaburi la mwanangu hata nyasi halijaota! Ananukia kama biarusi, anamnukia nani?"

Kaka wa marehemu alikuwa keshatamka: arudishwe kwao leo hii. Kurudishwa kwenu eda haijaisha, tena kwa kusingiziwa mwanamume, mnajua maana yake, jina hilo halifuliki tena. Na shangazi aliniona na ndoo yangu, akainamisha macho, hakunitaja.

Na mie shujaa nikatua ndoo taratibu nikangoja yapoe yenyewe. Hayakupoa. Bi Zuhura alipoanza kumkunjia mkeka ndipo nikasema, "Ni mie."

Hakuna aliyeamini!

"Wewe hunuki kitu," akasema Bi Zuhura. "Unamfichia shangazi yako."

(Maisha yangu yote sijawahi kujuta kuoga kama siku ile.) Ikabidi nifungue pindo, nitoe kichupa, na mbele ya wakwe, majirani na mwalimu wa chuo cha Kurani aliyeitwa kuamua, nijimiminie kichwani yote yaliyobaki. Mwalimu akasogea, akanusa, akapiga chafya tatu.

"Ndiyo yenyewe," akasema. "Mwacheni mwenye eda."

Shangazi akasalimika. Mie Bi Zuhura akanionyesha njia, nisikanyage tena pale mpaka eda iishe, nikarudi Msimbu nanukia vijiji vyote nilivyopita, watu wanatoka milangoni kutazama arusi ya nani inapita. Hayo ningeyasahau. Lakini katika ndugu wote wa shangazi ni mie peke yangu niliyekuwa nikimtembelea, kwa hiyo adhabu yangu aliitumikia yeye, miezi miwili na ushei bila mtu wa kwao wa kuzungumza naye. Hiyo inaniuma mpaka leo, na inanistahili.

Sasa nikienda kutoa pole nanuka sabuni ya mche na moshi wa kuni, basi. Kunukia nitanukia siku yangu mwenyewe, wakishanipaka kafuri, na siku hiyo atakayelalamika simsikii.