Aliyeachwa Ziwani

Baba yake hakuwahi kufunga kamba za viatu. Hata siku ya harusi ya binti yake alimsindikiza kamba zikiburuta sakafuni, huku mkewe akimkata jicho kutoka kiti cha mbele. Alikuwa rubani wa ndege ndogo ya majini, ile yenye maboya mawili marefu mahali pa magurudumu, na tangu alipojifunza kazi aliambiwa kwamba mtu akitumbukia, viatu anapaswa avivue kwa teke moja. Basi akaishi hivyo, majini na nchi kavu, na pale gatini wakamwita Mzee Kamba.

Kazi yake ilikuwa kuwapeleka wavuvi wa starehe kwenye maziwa ya porini yasiyo na barabara. Watu wa maofisini, fimbo zao za kuvulia zimefungwa vitambaa vizuri kuliko watoto wachanga. Aliwashusha na mahema yao, akawaachia redio na mashua ya bati, na wiki ikiisha aliwafuata. Binti yake alifanya kazi hapo hapo: kuifunga ndege gatini, kupampu maji yaliyopenya ndani ya maboya, kupokea redio. Mtoto wake mdogo, ambaye hata kunyonya hajaacha, alikuwa akimwacha kwa bibi yake. Mzee hakuwa mtu wa maneno. Alimsifu binti mara moja tu, na hata hapo alilisifu fundo alilofunga, si yeye.

Alasiri moja redio ikaita kutoka ziwa la mbali kuliko yote. Huko walikuwa ndugu wawili na shemeji yao, mtu bonge mcheshi.

"Mdogo wangu amejikunja," alisema yule kaka. "Tumbo. Hata maji hayakai."

Mzee alikuwa ameshavaa kofia. "Twende," alimwambia binti yake. "Atahitaji mtu wa kumshika."

Walikuta ziwa limelala. Hakuna upepo, hakuna kiwimbi, vilima vimesimama kichwa chini ndani ya maji. Wateja huupenda utulivu huo na huupiga picha. Rubani wa ndege ya majini huuogopa, kwa sababu maji ya namna hiyo huyang'ang'ania maboya kama gundi. Na ziwa lenyewe lilikuwa fupi, limezungukwa na miti.

Walimpakia mgonjwa, uso wake rangi ya majivu. Mzee akaachia nguvu zote za injini. Ndege ikakimbia, ikakimbia, miti ikaja, na maboya yakagoma kuachana na maji. Akapunguza moto, akarudi. Wakatupa ufukweni mahema, masanduku na samaki. Akazunguka mara kadhaa ili ayavuruge maji, akajaribu tena. Boya moja likainuka, la pili likakataa. Mgonjwa alikuwa ameacha kulalamika, na hilo lilimtisha binti kuliko kelele zake.

"Mmoja ashuke," Mzee alisema bila kugeuka.

Yule bonge akashika mkanda wake. "Nibaki mimi?" aliuliza, kwa sauti ya mtu anayeomba aambiwe hapana.

"Kaa." Kisha Mzee akamtazama binti yake. "Shuka wewe."

"Mimi?"

"Shuka, mama. Jua linakwenda."

Alisimama majini hadi magotini akaisukuma ndege. Aliitazama ikikimbia, akaona mwanga mwembamba ukipenya kati ya maboya na maji, kisha miti ikaimeza. Akasubiri mshindo. Badala yake akasikia injini, ndogo, ikienda zake.

Redio ilikuwa imeondoka mfukoni mwa yule kaka.

Palipokucha hakukuwa na ziwa wala vilima. Ukungu ulikuwa umekaa juu ya kila kitu, na yeye, matiti yamejaa maziwa na yanauma, alijua kwamba hakuna rubani mwenye akili anayeruka asubuhi kama ile. Ndipo akasikia injini. Ilipita juu yake, ikapotea, ikarudi, chini zaidi. Ukungu ulianza kuachana na maji, lakini maji yenyewe yalikuwa bado kioo kitupu. Alijua anachokiona baba yake kule juu: mbingu juu, mbingu chini, na katikati hakuna alama ya kumwambia maji yanaanzia wapi. Marubani wawili waliofanya kazi naye walikuwa wamekufa hivyo, wakishuka kwenye maji waliyodhani bado yako mbali.

Akaingia kwenye mashua ya bati, akapiga makasia kama aliyerukwa na akili. Alikwenda huku, akakata kule, akirudi juu ya njia yake mwenyewe ili mawimbi yagongane. Viganja vikachubuka. Injini ikapita tena, karibu mno, akainama. Alipogeuka ndege ilikuwa inashuka kwenye mstari wa mikunjo aliyoichora, ikadunda kidogo, ikakaa.

Baba yake alifungua mlango. "Yule mtu amepasuliwa, yuko salama," alisema, na hakusema lingine mpaka nyumbani.

Mama yake ndiye aliyesema. "Umemwacha mwanangu porini ukaniletea wateja? Bonge zima limekaa kwenye kiti cha mwanangu?" Akamgeukia binti. "Na wewe ukashuka tu, kama gunia."

Binti alicheka, lakini jambo lile lilimkaa. Aliendelea na kazi, akajifunza urubani, akamzika mama yake, na kila alipomwona Mzee akinywa chai yake kimya, swali lilikuja mdomoni likarudi. Miongoni mwa watu wote waliokuwa ndani ya ndege, kumbe yeye ndiye wa kuachwa.

Alimuuliza asubuhi moja, alipopita kumjulia hali akielekea gatini. Mzee alikuwa kitandani, macho hayaoni tena, pumzi zinakuja kwa shida.

"Baba, siku ile kwa nini hukumwacha yule bonge?"

Mzee akageuza uso kuielekea sauti yake.

"Toka jioni nilijua ukungu utashuka, na nilijua nitauogopa," alisema. "Angekuwa mmoja wao, ningemwacha hata siku kadhaa nikangoja upungue. Nilitaka kule awepo mtu nisiyeweza kumngojesha."