Chungu cha Insulini

Kwetu Ijumbi hatuna jokofu, kwa hiyo insulini ya mdogo wangu niliihifadhi ndani ya chungu chenye mchanga mbichi, nyuma ya mlango. Wazazi wetu walikuwa wameshafariki. Mlezi wake nilikuwa mimi. Kila asubuhi nilimchoma sindano, naye alilalamika kwamba mkono wangu umezoea jembe tu, kisha akanywa uji na kwenda shule. Alikuwa binti wa miaka kumi na minne, na ulimi mkali kunizidi.

Mimi ndiye niliyempeleka kwenye maombi. Nilichoka kumchoma mtoto, sina cha kusingizia. Jumapili moja mchungaji alitangaza kwamba amepona, akamsimamisha mbele atoe ushuhuda. Aliutoa vizuri mno. Kina mama walipiga vigelegele, na changu kilikuwa kirefu kuliko vyote.

Kwenye kikundi kile, ukishashuhudia huruhusiwi kurudia dawa. Ukirudia, umemfanya Mungu mwongo mbele za watu. Jumatatu akakataa sindano. Jumanne akawa anakunywa maji bila kukoma. Jumatano alfajiri akaanza kutapika, nikamkimbiza hospitali, Bukoba mjini. Kina mama wa maombi wakatufuata.

Daktari alisema bila insulini hatafika kesho. Mdogo wangu alikuwa anahema kwa shida.

"Waitu dada, dada yangu mpenzi, nimeshashuhudia," aliniambia. "Unataka nionekane mwongo?"

"Huyu ni mtoto," daktari akasema. "Mlezi ni wewe. Kubali tumchome."

Kina mama walikuwa wamezunguka kitanda, wanaimba kwa sauti ya chini huku wakinitazama. Nikaona aibu. Aibu, wala si imani. Naandika hivi ili nisijipendelee. Nikasema tuombe kwanza.

Daktari alirudi mara mbili kuniuliza. Mchana, mtoto alipoacha kuitika akiitwa, ndipo nilipopiga kelele kwamba achomwe. Walimchoma, wakamtundikia dripu, wakahangaika naye. Alifariki kabla ya jioni.

Tulimzika kibanjani, kwenye migomba ya nyumbani, kando ya mama. Mchungaji alisema binti ameondoka akiwa mzima, watu wakaitikia amina. Na mimi niliitikia.

Waombolezaji walipotawanyika nilifungua chungu. Chupa ilikuwa bado ya baridi, na dawa ya wiki mbili ndani yake.