Sauti Nilizozileta Kutoka Ndau

Siku ya kwanza kazini nilivaa buibui jipya, nikapanda ngazi za ofisi ya habari ya Lamu nikidhani nitakabidhiwa kipaza sauti. Afisa Habari, mzee wa mtaa wa Langoni mwenye maneno machache, hakunipa hata kiti.

"Bi Rukia, huko nje pana habari gani?"

Nikajibu haraka, "Wasema mashua ya abiria imezama Mtangawanda."

"Nani kaiona?"

"Sijui, Bwana. Nimesikia sokoni."

"Basi rudi sokoni, mtafute aliyeiona."

Nilizunguka hadi adhuhuri. Kila niliyemuuliza alinisukumia kwa mwingine, mpaka nikamfikia nahodha mwenyewe, yu hai, anakula mkate wa mofa. Injini ilimzimikia, akavutwa hadi gatini. Hakuna aliyelowa ila yeye. Nikarudi na habari ya sentensi mbili, na ndiyo iliyosomwa redioni jioni ile. Mamangu alifungua madirisha yote ili majirani wasikie.

Vijana mnaotuma habari kwa kidole, zamani zetu tulibeba kinasa sauti cha kaseti, kizito kama jiwe la kusagia. Kanda ilivushwa hadi uwanja wa ndege wa Manda, rubani akaipeleka Mombasa. Mvua ikinyesha sana, habari ililala. Tulilalamika, lakini ucheleweshaji ule ulitupa nafasi ya kuuliza mara ya pili.

Baada ya miaka kadhaa nilihamishiwa Mombasa, chumba cha uhariri. Kanda ilikatwa kwa wembe, kisha ncha zikaunganishwa kwa utepe wa gundi. Siku moja diwani alikuwa amesema, "Siitaki barabara hii kabla wenye mashamba hawajaulizwa." Mwenzetu mmoja, kwa kuwa muda ulikuwa mfupi, alikata akabakisha, "Siitaki barabara hii." Mhariri wa Zamu, mama mkali asiyepandisha sauti, aliisikiliza kanda mara mbili.

"Kila neno hapa katamka mwenyewe," alisema, "na bado mmemsingizia. Rudisheni kipande chake."

Tulikiokota sakafuni, tukakiunga. Tangu siku ile nimesikiliza kila redio na kusoma kila gazeti nikijiuliza ni kipande gani kilichoachwa chini.

Nilirudi Lamu redio ya jamii ilipoanzishwa. Kompyuta zilichukua nafasi ya kanda, na simu zikachukua nafasi ya kila kitu. Nilijifunza zote, na nasema kwa fahari kwamba sikuwahi kumwomba mtu anisukumie kipanya. Lakini kazi ninayoikumbuka kuliko zote niliifanya kwa miguu na mashua.

Asubuhi moja ilienea video fupi: wanawake wanapakia magodoro, masanduku na vitanda katika mashua. Maneno ya chini yalisema watu wa kisiwa cha Ndau wanakimbia mashambulizi. Gazeti moja la Nairobi likaiweka mtandaoni kwa herufi kubwa. Kwa wengi huko bara, Lamu haina habari nyingine ila hofu.

Mkurugenzi wa kituo, kijana msomi niliyempenda kama mwanangu, aliniambia, "Bi Rukia, tuisome. Kila mtu keshaiona."

"Wameiona, lakini hakuna aliyewauliza wenyewe. Nipe mashua, Bwana."

Mtandao wa Ndau ulikuwa umekatika, hivyo simu hazikuingia. Mkurugenzi akasema, "Nenda. Hatutaisoma mpaka urudi."

Kwa hofu ya video ile, manahodha walikataa mmoja baada ya mwingine. Mwisho Bwana Kombo, rafiki wa marehemu mume wangu, akakubali. Tulipopita Mtangawanda tuliwakuta watu wa Ndau waliokuwa wakirudi kwao wamekwama gatini, kwa kuwa nahodha wao ameogopa kuendelea. Tuliwapakia tulioweza. Sitaficha kwamba niliogopa. Nilisoma Ayatul Kursi kimoyomoyo, tena na tena.

Ndau tulipokewa na wanaume wanaoshona nyavu. Mzee mmoja aliitazama video kwenye simu yangu, akacheka hadi akakaa chini.

"Hivi ni vyombo vya biarusi, mwanangu! Yana jioni tumempeleka kwa mumewe, kijiji cha Faza. Kuhama twende wapi? Hini ndiyo nti yetu, ndipo kwetu."

Kicheko kilikatika alipotoka mwanamke mbio. "Iko mashua? Mwanaisha ana uchungu tangu alfajiri, na mashua ya kumpeleka hospitali haikuya!"

Haikuja kwa sababu ya video ile. Nilirekodi sauti ya mzee, ya mama wa biarusi, na ya mume wa Mwanaisha, kisha tukamlaza Mwanaisha juu ya mito mashuani. Bwana Kombo aliendesha kama aliyebeba mayai. Nilimshika mkono njia nzima. Lamu tulifika naye salama, akajifungua mtoto wa kike.

Mhariri wa lile gazeti, aliyesikia kwamba nimekwenda Ndau, alinipigia nikiwa bado kwenye lango la hospitali.

"Mama, hofu ipo au haipo?"

"Ipo," nikamwambia. "Ya mama aliyekosa mashua kwa ajili ya habari yenu. Andika hiyo."

Tulirusha sauti zote bila kukata. Kesho yake mashua za Ndau zikarudi safarini, na gazeti likaifuta video na kuomba radhi.

Sasa nimestaafu. Majuzi ilisambaa sauti yangu ikitangaza kwamba vivuko vya Mokowe vimefungwa. Ilikuwa sauti yangu kweli, hata kikohozi changu kimo, ila sikuitoa mimi. Imetengenezwa na mashine. Nilikaa kitandani nikiisikiliza.

Kisha mlango ukabishwa. Alikuwa muuza samaki, nyuma yake mwalimu wa madrasa, na nyuma yao wanawake watatu wa mtaani, simu mikononi.

"Bi Rukia," muuza samaki akasema, "sauti hini hatuyaituma kwa mtu. Twalitaka kukusikia wewe kwanza."

Nikawafungulia wote mlango, nikateleka kahawa.