Mkwe Dirishani

Benki ya mjini Bariadi ilikuwa na madirisha matatu, na kwa miaka yote niliyoijua sikuwahi kuyaona yote yakifanya kazi siku moja. Mara keshia kaenda chai, mara kaenda msibani, mara yupo ila anapanga noti zake, na ukimsalimia anakutazama utadhani umemkanyaga. Ukaja wakati wa soko huria, tukaambiwa mambo yatabadilika. Kweli yalibadilika. Wafanyakazi wakapunguzwa, madirisha mawili yakapigiliwa mbao, na ukutani wakabandika karatasi imeandikwa MTEJA NI MFALME. Mfalme gani anasimama kwenye foleni tangu asubuhi na hata benchi hana!

Mimi benki ile naijua ndani na nje, maana mume wangu alifanya kazi humo. Hakuwa keshia. Alikaa chumba cha nyuma na mahesabu yake, watu hawamwoni, naye hawaoni. Hilo lilimfaa yeye, na lilimfaa zaidi mama yangu. Kwetu Wasukuma, mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawatazamani. Wakikaribia kukutana njiani, mmoja anaingia porini. Si ugomvi, ni heshima, na kwa mama yangu heshima hiyo haikuwa na likizo. Alikuwa akija kwangu kutoka Kasoli mume wangu akiwa kazini, na kabla hajarudi, mama ameshaaga. Miaka yote ya ndoa yangu hawakuwahi kuonana uso kwa uso. Hata siku ya harusi mama alijifunika kitenge; sura ya mkwe wake aliijua kwa picha tu, ile iliyotundikwa ukutani kwangu.

Basi, ilikuwa Ijumaa. Mdogo wangu wa mwisho alikuwa amechaguliwa kwenda sekondari ya bweni, wa kwanza katika ukoo wetu, na habari zilitufikia zimechelewa kama ilivyo kawaida ya habari njema. Jumatatu asipofika na ada mkononi, nafasi anapewa mwingine. Mwalimu wake alitwambia hivyo bila kumung'unya maneno. Ada ilikuwepo. Mama alikuwa ameuza pamba yake kwa wale wanunuzi wapya wa binafsi, akaiweka fedha benki kwa jina lake mwenyewe na picha yake mwenyewe. Mimi ningemkopesha, lakini fedha yangu yote ilikuwa imelala kwenye robota la mitumba, na nilipolifungua nikakuta makoti ya baridi matupu. Makoti ya baridi, jamani, Bariadi!

Mama alifika asubuhi kwa lori la pamba, vumbi mpaka magotini, tukaenda benki moja kwa moja. Tukapanga foleni. Tulipokaribia nikachungulia nimwone yule mama keshia tuliyemzoea, na niliyemwona ni mume wangu. Asubuhi ile ile yule mama alikuwa amepewa barua ya redandansi, yaani kupunguzwa kazi, na meneja akamtoa mume wangu chumba cha nyuma akamkalisha dirishani. Nyumbani alitoka hajui, nami sikujua.

Mama alimwona papo hapo nilipomwona mimi. "Mayu wee!" akasema, akajitupia kitenge kichwani na kuchuchumaa nyuma ya nguzo. Nikageuka kutazama dirishani. Mume wangu hayupo. Mtu mzima, baba wa watoto, tai shingoni, amezama chini ya kaunta.

Foleni ikasimama. Mzee aliyekuwa dirishani akabaki ameshika kitabu chake cha benki, anaongea na kioo. Wa nyuma wakaanza: "Keshia yuko wapi?" "Kaenda chai." "Chai gani, si ndiyo kwanza amekaa!" Mzee akachungulia ndani, akageuka, akamwona mama yangu nyuma ya nguzo, akaelewa. "Aa, ni mkwe wake," akatangaza, na foleni nzima ikaitikia "Aaa," ikatulia. Wengine waligeuza hata nyuso zao ukutani kumpa mama nafasi. Hao ndio watu wetu, wangesubiri hata mpaka kesho. Shida ni kwamba benki ilifungwa saa sita na nusu, na kesho yake haifunguliwi.

Nikasogea dirishani. "Baba watoto, inuka."

"Mama ameondoka?" sauti ikatoka chini.

"Ataondokaje, hajapewa fedha zake!"

"Basi siinuki."

Nikarudi nguzoni. "Mama, twende, nitakukinga kwa kanga yangu."

"Nikamnyooshee mkono mkwe wangu? Mwanangu, una akili kweli?"

Nikarudi tena dirishani. Nilikuwa natembea baina ya watu wawili kama mshenga, na ndoa yenyewe imefungwa zamani. Nilitamani niwachape wote wawili.

Ndipo meneja akatoka. Alikuwa amehamia kutoka Dar es Salaam siku si nyingi, shati jeupe limenyooshwa mpaka linang'aa. Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu alikuja, na mwenyeji akapunguzwa kazi. Nikamweleza taratibu, kwa adabu yote niliyobakiwa nayo. Akacheka.

"Dada, hapa ni benki, siyo ngomani."

"Basi mhudumie wewe, bosi. Picha yake hii hapa, na sura yake ile pale nyuma ya nguzo."

"Mimi siyo keshia. Keshia ndiye analinganisha picha na sura, na ndiye anayesaini. Ndio utaratibu."

"Na keshia mmemwacha mmoja!"

"Ni agizo la makao makuu."

Loh! Makao makuu! Nikamwambia amkalishe mtu mwingine pale kwa dakika chache tu. Hakuna mtu mwingine. Nikamwambia mume wangu ageukie ukutani, mama apeleke kitabu, mimi nipokee fedha. Hairuhusiwi. Nikamwambia fedha hiyo ni ya nini, kwamba kuna mtoto wa kike ambaye Jumatatu atapoteza shule. Akatazama saa yake. Hapo nilisema maneno ambayo siwezi kuyaandika, na mlinzi akaanza kusogea upande wangu.

Meneja akaingia ndani, akasimama nyuma ya kaunta, akamwinamia mume wangu kule chini, akamwambia kwa sauti ambayo ukumbi mzima uliisikia: "Wewe. Orodha ya pili ya kupunguza watu bado iko mezani kwangu. Ukishindwa kumhudumia mteja mmoja, nitajua namna ya kuikamilisha."

Mama alisikia. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, lakini hilo alilielewa. Akainuka. Nilipotaka kumshika, akausukuma mkono wangu. Akaja mpaka dirishani peke yake, akashusha kitenge mabegani, kichwa wazi, mvi zote nje.

"Inuka, baba," akasema kwa Kisukuma. "Niangalie. Usiogope, nimesema mimi."

Mume wangu akainuka. Foleni nzima ikatazama sakafu. Akaangalia picha, akamwangalia mama, jasho linamtiririka, akaangalia picha tena. Akahesabu noti, akakosea, akahesabu upya. Mama hakupepesa macho. Alipokea fedha kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo. "Wabeja," akashukuru, akageuka kuondoka.

"Unaona, dada?" meneja akaniambia. "Mbona imewezekana?"

Mpaka leo nikimkumbuka mtu yule, damu inanichemka. Imewezekana! Nani alimwambia tulikuwa tunabishana kama inawezekana au haiwezekani?

Nje, mama alinikabidhi fedha yote nimpeleke mdogo wangu mimi mwenyewe. Nilimpeleka, na Jumatatu aliingia darasani na wenzake. Lakini Ijumaa ile nilimwambia mama twende kwanza nyumbani akanywe hata uji, akakataa.

"Kwako nilikuwa naondoka kabla hajafika," akasema. "Leo ameniona kichwa wazi, mbele za watu. Nikija tena, nitakuwa najificha nini?"

 Nilimsindikiza mpaka kwenye lori la kurudi Kasoli, akasaidiwa kupanda, akakaa juu ya magunia matupu. Dereva alipowasha gari, akaniita.

"Mumeo amekonda," akasema. "Mpikie."

Jioni mume wangu alirudi, akakaa bila hata kuvua tai. Nikamwekea ugali, akaushikashika tu. Akaniuliza mama amesema nini. Nilikuwa bado nimewakasirikia wote, yeye, mama, meneja na makao makuu yake, kwa hiyo nilimjibu bila hata kumtazama.

"Amesema umekonda."

Akaisogeza sahani pembeni, akafunika uso kwa mikono, akalia mpaka watoto wakatoka nje.