Mistari Iliyopoteza Majina

Taarifa tuliipata mstarini Jumatatu asubuhi, baada ya wimbo wa taifa na kabla ya ukaguzi wa kucha. Mwalimu wa zamu alisema kwamba yule mama wa steshenari ya Makole, aliyekuwa akituchorea michoro ya Biolojia kwa ajili ya wenzetu wasioona, amefariki kwa presha, na amezikwa jana yake baada ya swala ya alasiri. Akatuomba tusimame kimya kidogo, kisha akaendelea na habari za wanaochelewa. Simlaumu, mstarini kuna mambo mengi. Ila mimi nilibaki nikiangalia kisogo cha aliyekuwa mbele yangu, nikiwaza kwamba mtu ameshazikwa ndiyo kwanza sisi tunaambiwa. Rafiki yangu ninayekaa naye dawati moja, ambaye haoni, na ambaye ndiye hasa aliyekuwa akimhitaji yule mama, alikuwa amenishika kiwiko kama kawaida yake. Mnaosoma ukurasa huu wa gazeti letu la shule mnajua kwamba mimi huandika kwa sababu kusema kunanishinda. Siku ile hata waongeaji walishindwa.

Kwa wale wa kidato cha kwanza ambao hawakumfahamu: alikuwa mtu mzima, mrefu, mwenye miwani inayoning'inia kifuani kwa kamba, na zamani aliwahi kuchora ramani kwenye ofisi moja kabla ya kuacha na kufungua duka lake la kuchapa na kutoa kopi. Alikuwa mtu wa mjini hasa. Wazee wa wazee wake walifika na misafara ya biashara wakabaki, na alipenda kutukumbusha hilo. Siku ya kwanza nilipokwenda dukani kwake kuchukua michoro nilisema shikamoo kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia vizuri. Akaitika marahaba, akaniuliza kwetu wapi. Nikamwambia Miyuji, baba ni mtumishi wa serikali, tulihamia hapa Dodoma nikiwa darasa la tatu. "Ahaa, nyie wa juzi," akasema. "Karibuni mji wetu. Msije mkauhamisha na huu mkauacha njiani." Nilidhani amenichukia. Baadaye nilikuja kujua kwamba huo ndio ulikuwa utani wake, na kwamba mtu ambaye yeye hamtanii alikuwa hajampenda bado.

Sasa niwaeleze kuhusu michoro yenyewe, maana bila hiyo habari hii haina maana. Shuleni kwetu kuna mashine inayopasha moto karatasi maalumu. Ukichapa mstari mweusi juu ya karatasi hiyo na kuipitisha kwenye mashine, mstari unavimba, na mtu anaweza kuusoma kwa kidole. Lakini kidole si jicho. Kidole hakijui rangi. Ili kijue kwamba mshipa huu unatoa damu moyoni na ule unaileta, inabidi mmoja uwe mnene na wenye kukatikakatika, mwingine uwe mwembamba na mzima, na majina yawe ya nukta nundu, maandishi ya kusomwa kwa kidole, mbali kidogo na mistari ili visigongane. Mama wa Makole alichora hivyo, kwenye programu ya zamani katika kompyuta ya zamani, ambayo hakuwahi kuiunganisha na mtandao kwa kuogopa virusi. Alinieleza siku moja kwamba picha ya simu ni madoa tu yaliyopangwa, bali mchoro wa mistari ni maagizo: anzia hapa, pinda hivi, ishia pale, unene wako ni huu. Na kila mstari aliupa jina. Ukibonyeza mshipa kwenye skrini yake, pembeni inatokea jina la mshipa huo.

Rafiki yangu alikuwa anaisubiri michoro hiyo kwa sababu anayoijua kila mtu darasani. Kwenye Biolojia, swali likiwa na mchoro, asiyeona huambiwa, "Hilo umesamehewa," anapewa lingine la maelezo. Yeye hilo neno linamkera kuliko matusi. "Mimi sijakosa kitu," huniambia, "wananisamehe nini?" Anataka kusomea tiba ya viungo, kazi ya mikono, na anasema hawezi kwenda kumshika mtu mgongo wakati mwili wa mtu amesimuliwa tu. Mwalimu wa Biolojia alimwahidi kwamba michoro ikisomeka, kwenye mtihani wa majaribio wa kidato cha nne atafanya maswali yaleyale tunayofanya sisi. Isiposomeka, mambo yatabaki kama yalivyo. Ahadi hiyo ndiyo iliyofanya nianze kwenda Makole.

Basi printa ya mama iliyokuwa ikielewana na programu ile ya zamani ikafa, shule ikapata kompyuta mpya, na programu ikagoma kukaa ndani yake. Mwalimu wa kompyuta akamwomba mama mafaili ili tuchape wenyewe shuleni, akayafungua kwa programu mpya iliyopo. Yakafunguka. Nakumbuka tulivyojaa kwenye chumba cha kompyuta, moyo ukatokea kwenye skrini mzima kabisa, tukapiga makofi. Na kulikuwa na jambo lililotufurahisha zaidi: zile nukta ambazo hatukuwa tukizielewa zilikuwa zimegeuka herufi za kawaida. "Afadhali sasa tunaweza kusoma," mmoja akasema, na wote tukakubali, mimi pia kwa kichwa. Mistari ilionekana yote imelingana unene, tukaona imekuwa nadhifu. Mwingine akashauri tupake rangi ili ipendeze, nyekundu kwa damu safi na bluu kwa damu chafu, kama kwenye kitabu. Tukapaka. Ukibonyeza mstari wowote, pembeni palikuwa pameandikwa "kitu". Kitu, kitu, kitu, moyo wote. Hatukuona tatizo, maana nani anahitaji jina la mstari wakati anauona?

Tulichapa, tukavimbisha, tukampelekea rafiki yangu kama zawadi. Akapitisha vidole, akarudia, akainamisha kichwa kama anayesikiliza redio yenye mikwaruzo. Kisha akauliza taratibu, "Huyu mtu ana moyo au ana chapati kifuani?" Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Rangi zetu zote zilikuwa zimevimba pamoja, likawa bonge moja, na herufi tulizozifurahia zilikuwa vipele visivyosema kitu. Chumba kizima tuliukagua mchoro ule, na katika chumba kizima hakuna aliyewaza kufumba macho na kuugusa.

Mwalimu wa kompyuta alimwita mama wa Makole shuleni, akamsimulia hata ile ya chapati. Alifika akaiangalia karatasi, akaishika, nikategemea atatusema. Akavuta kiti, akakaa karibu na rafiki yangu. "Mwanangu, wamekupa chapati," akasema. "Lakini unga niliwapa mimi. Hii programu yangu nimeing'ang'ania miaka, nikaambiwa hamisha michoro nikiwa na nafasi, fundisha watu, nikasema mtanisumbua. Sasa tunaona." Mwalimu akamwambia, "Mama, si kosa lako." Akajibu, "Mwalimu, usinipunguzie. Langu nalijua."

Halafu akapendekeza namna yake ya kufanya kazi. Mchoro usihamishwe wote kwa mkupuo. Kompyuta yake na yetu ziwekwe meza moja, mstari upitishwe mmojammoja, na kila unapofika ng'ambo uulizwe jina lake: wewe nani, ulikuwa na unene gani, ulikuwa mzima au umekatika. Kikipita kipande, kichapwe, kivimbishwe, kipewe vidole. Vidole vikisema ndiyo, tuendelee. Mimi nilikuwa nasoma majina kwenye skrini ya zamani, mwalimu anaandika kwenye mpya, rafiki yangu anahukumu. Na alihukumu kweli. Sehemu moja alisimama akasema, "Mama, hapa jina limekanyaga mshipa. Nasoma jina, nateleza naingia kwenye damu." Mama akavaa miwani, akasogeza karatasi. Kosa halikutokea wakati wa kuhamisha, lilikuwepo tangu mchoro wa kwanza, miaka yote watoto wameteleza hapo na hakuna aliyemwambia. "Na mimi nilikuwa nakagua kwa macho," akasema. Akafuta, akachora upya.

Kwa namna hiyo tulimaliza moyo, tukamaliza na figo. Siku rafiki yangu alipoufuata mshipa kutoka figo mpaka mwisho wake bila kuuliza, mama alimtania, "Haya daktari, umepotea wapi?" Akajibiwa, "Sijapotea, nimesimama taa nyekundu." Walicheka wote wawili kwa namna ya watu wanaofahamiana siku nyingi. Yalibaki sikio, jicho, ubongo na ua. Mama akaomba tumpe kiti na mchana mmoja kila wiki mpaka yaishe. Kompyuta yake alisema atakuja nayo na kurudi nayo, kwa sababu dukani anaihitaji. Hapo ndipo mambo yalipokwama, na hakuna mtu mbaya katika kukwama huko. Chumba cha kompyuta mchana kina vipindi. Mitihani ya kidato cha pili ilikuwa karibu. Akaambiwa asubiri ratiba mpya ya muhula. Yeye akauliza, "Ratiba ya nani, mwalimu? Maana mimi sina." Ikachukuliwa kama utani wake mwingine. Muhula ukafunguliwa, ratiba ikachelewa, mama akapita getini mara moja kuuliza, akaambiwa bado kidogo.

Tangu msiba nimekuwa nikiufikiria mji huu tunaokaa, ambamo karibu kila mtu darasani kwetu amehamishwa kutoka mahali. Baba anasema ofisi yao ilipohamia Dodoma makabati yote yalifika salama, hata kioo hakikuvunjika. Lakini kulikuwa na mzee aliyejua faili gani limewekwa ndani ya faili gani na kwa sababu ipi. Yeye hakuhama, alistaafu, na mpaka leo kuna makabati wanayafungua na kuyafunga tu. Nikimsikiliza baba naona ni kilekile tulichokiona kwenye skrini. Umbo linafika, na kwa kuwa linaonekana zima tunashangilia, tunaandika taarifa kwamba zoezi limekamilika. Vile vilivyokuwa ndani, kwamba mstari huu ni nani na kwa nini ulikatwakatwa, vinaachwa upande wa pili bila mtu kusikia vikianguka. Na aliyepata hasara hiyo hawezi kuieleza kwa wengine, kwa sababu wengine wanaona kila kitu kipo.

Tulikwenda kuhani, mimi, rafiki yangu na mwalimu wa kompyuta. Wanawake walikuwa wamekaa kwenye mikeka, tukapewa nafasi, tukatoa pole. Nilikuwa nimepanga njia nzima namna ya kuiomba ile kompyuta, na tulipofika nikashindwa. Rafiki yangu ndiye aliyesema. Binti wa marehemu akamshika mkono. "Wewe ndiye uliyemwambia jina limekanyaga mshipa?" akamuuliza. Rafiki yangu akasema ndiye. "Alirudi nyumbani na hiyo habari akatusimulia usiku kucha kama mtu aliyeokota kitu. Alikuwa kila siku anauliza kama shule imempigia." Kisha akasema tuichukue mashine, wao hawaijui. Mwalimu alikuwa akiangalia viatu vyake vilivyokuwa mlangoni.

Kompyuta yake inawaka. Michoro yote imo, mistari yote ina majina. Tumeweka kompyuta mbili meza moja kama alivyotuonyesha, na chumba cha mchana, sasa hivi, kimepatikana. Lakini mtihani wa majaribio ni wiki ijayo, na sisi watatu tukifanya kile alichokifanya yeye kwa kuangalia tu, tunatumia mchana mzima kwenye kipande cha sikio ambacho rafiki yangu anakirudisha na kusema bado. Jana alituambia tuache. Alikwenda mwenyewe kwa mwalimu wa Biolojia akamwambia kwamba maswali ya moyo na figo atafanya kama sisi, na hayo mengine apewe ya maelezo. Aliyasema bila kulalamika, na aliporudi dawatini alifungua karatasi ya figo akaanza kuipitia tena, polepole, kama mtu anayeogopa kuimaliza.

Mnisamehe kama makala imekuwa ndefu. Ninachotaka tukichukue, hasa sisi tunaopenda kusema tutafanya tukipata nafasi, ni kwamba kazi inayofanywa kwa ajili ya mtu huisha pale mtu huyo atakaposema imeisha. Na anayejitolea mchana wake achukuliwe mchana huohuo, hata kama chumba kina kipindi na watu itabidi wahamie chini ya varanda. Michoro ingeweza kusubiri mwaka mzima bila kuharibika. Kompyuta zingesubiri, karatasi zingesubiri, hata vidole vya rafiki yangu vingesubiri. Katika vyote vilivyokuwa kwenye meza ile, asiyeweza kusubiri alikuwa mama peke yake, na ndiye peke yake tuliyemwambia asubiri.